Mguu Usiojua Kupiga Magoti

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Bahati, Mkongo aliyetengeneza miguu ya bandia katika mji huu kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine ninayemjua. Nyumba yake iko bondeni, chini ya maghorofa ya Bugolobi, upande wa viwanda. Siku ile ua ulijaa watu waliokuja kwa magongo, kwa vigari vya magurudumu, na kwa miguu aliyowachongea mwenyewe. Kwaya ya kanisa lao iliimba kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. Mimi nilikaa mkekani pamoja na wanawake, nimejitanda mtandio wangu, nikila wali na maharagwe kwenye sahani ya plastiki, mara mwanamke wa makamo aliyevaa gomesi ya zambarau akanijia. Akapiga magoti yote mawili mbele yangu, kama Waganda wanavyowaamkia wakubwa wao, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema yeye ni Babirye, mtoto wa Nalongo aliyekuwa akiuza matooke, zile ndizi za kupika, sokoni Nakivubo, na kwamba ameambiwa mimi ni mmoja wa watu wachache walio hai waliomjua mama yake. Niliiweka sahani chini. Nalongo ni jina ambalo Waganda humpa kila mama wa mapacha, na mji huu umejaa kina Nalongo, lakini kwangu mimi yuko mmoja tu, na miaka yote hii nimekuwa nikiomba Mungu nisikutane na watoto wake.

Papo hapo mtoto wa marehemu akaja na gunia lililofungwa kwa kamba ya mkonge. Akasema, "Baba aliacha neno. Hii kitu ni ya mutoto wa Nalongo, lakini tusimupatie mupaka Bint Maalim akuwe hapa." Bint Maalim ndiye mimi, hivyo ndivyo walivyoniita kazini, kwa sababu ya kazi ya baba yangu. Basi nikaelewa kwamba yule mzee, ambaye hakuwahi hata siku moja kunitupia neno la lawama, alikuwa akijua kila kitu, na kwamba amekwenda zake baada ya kunitegea mtego wa haki kabisa. Nilijua kilichomo ndani ya gunia kabla kamba haijafunguliwa. Nilijua pia kwamba safari hii hakuna pa kukimbilia, kwa sababu magoti yangu siku hizi hayainuki mkekani bila kusaidiwa.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa nne wa serikali ya askari. Sitaeleza habari za ukoo wetu, hazina msaada hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, na nilijua kusoma na kuandika Kiswahili, Kiganda na Kiingereza katika mji ambao kila mwenye lugha tatu alikuwa ama ameshakimbia ama anafunga mizigo. Hospitali kubwa ya mlimani ilikuwa na karakana ya miguu ya bandia, na daktari wa mifupa alitaka karani. Nitamwita Daktari Kizza. Alikuwa mwembamba, mwenye mashati mawili tu, yote meupe, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu huku amefumba macho. Nilidhani anasinzia. Ilinichukua wiki kadhaa kutambua kwamba hakuna hata neno moja lililompita.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati, nyuma ya jiko la hospitali. Harufu ya ngozi iliyolowekwa na gundi iliyochemshwa ilichanganyika na harufu ya posho ya wagonjwa, na mpaka leo nikisikia gundi ya maseremala njaa inanishika. Ukutani ilining'inia miguu ya mvule ambayo bado haijapata wenyewe. Fundi Bahati alifanya kazi karibu na dirisha, kifua wazi, na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa mkimbizi, alikuja na mke na kisanduku cha patasi, akasema Kongo kuliharibika na hapa pia panaharibika, basi bora abaki palepale na kazi yake. Sukari ilikuwa imepotea mjini tangu Wahindi wafukuzwe na maduka kugawiwa watu wasiojua kuyaendesha. Chumvi ilikuja na kuondoka. Chai tulikunywa kavu, pamoja na mihogo ya kuchemsha, tukajifanya tumeizoea.

Miguu ya plastiki ilifika mwanzoni mwa mvua ndefu, ndani ya makasha ya mbao yenye nembo ya nchi rafiki. Ilikuwa mizuri, sitasema uongo. Ilikuwa myepesi, ikang'aa, na goti lake lilikuwa na chuma kilichojifunga chenyewe mtu akisimama. Rangi yake ilikuwa ya Mzungu aliyechomwa na jua kidogo. Fundi Bahati aliugeuza mmoja huku na huku, akaukunja, ukakataa kupita kiasi cha mtu aliyeketi kitini. Akaurudisha ndani ya kasha. Wakubwa wa wizara walitaka miguu hiyo igawiwe nchi nzima, karakana ya mvule ifungwe, na siku ya sherehe wagonjwa watembee uwanjani mbele ya mkuu wa nchi. Ila kabla ya hapo ilihitajika ripoti ya daktari kusema kwamba miguu inafaa.

Hapo ndipo Daktari Kizza alipofanya jambo ambalo sikuwa nimelisikia popote. Alisema yeye ana miguu miwili ya nyama, hawezi kuandika ripoti hiyo. Watakaoiandika ni watakaoivaa. Alichagua wagonjwa kumi na wawili, wanawake na wanaume, wauza soko, wakulima, mwalimu mmoja wa Kyambogo, askari mmoja aliyestaafu, akawapa kila mmoja mguu wa plastiki aende nao nyumbani, na kila Alhamisi waje karakana waseme. Siku hizi jambo hili lina jina refu na bajeti. Mwaka jana nami niliitwa hospitali, kwa kuwa nina kisukari, nikakalishwa na wazee wenzangu kwenye chumba chenye viyoyozi tuseme tunaionaje mashine mpya ya kupimia damu. Kulikuwa na sambusa. Wakati ule kulikuwa na benchi mbili, mihogo na daftari langu.

Kuhusu daftari hilo lazima niseme kweli tupu, kwa maana ndilo lililofanya yote. Daktari aliniambia nimpe kila mgonjwa namba, niandike namba na maneno, basi. Mimi nikakataa. Nililelewa katika chuo cha Kurani cha baba, na jambo la kwanza tulilofundishwa, hata kabla hatujaelewa maana ya tulichokuwa tukikisoma, ni kwamba maneno hayapokelewi bila msimulizi. Fulani bin fulani, wa mahali fulani, amesema. Ukitaja habari bila kumtaja mwenyewe, unachapwa, kwa sababu habari isiyo na mwenyewe kila mtu anaweza kuigeuza. Nilimwambia daktari kwamba namba haina mdomo, haiwezi kusema kitu. Tena nikamtupia methali, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo aliyelala ndiye atajwe, kwa jina lake na la mji wake. Alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi mwaka ule. Akasema, basi fanya unavyojua, Bint Maalim, mimi katika ripoti yangu ya Kiingereza nitaweka namba. Nilijiona nimeshinda. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimemshinda daktari kwa hoja, na fahari ile nilitembea nayo mwezi mzima.

Alhamisi za mwanzo wagonjwa waliona haya. Walisema mguu ni mzuri, asante serikali, asante daktari, huku mmoja amekaa akisugua kidonda pajani. Aliyevunja ukimya alikuwa Nalongo. Aliuza matooke Nakivubo, nyuma ya duka lenye milango ya buluu lililokuwa la Mhindi. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti baada ya gari kupanda kando ya barabara na kumkuta amekaa na mkungu wake. Hakutaja lilikuwa gari la nani, na sisi hatukuuliza, maana yaliyokuwa yakithubutu kupanda kando ya barabara yalijulikana. Alikuwa mjane, mwenye mapacha wa kike wa miaka mitatu, na sauti ya kuita wateja iliyofika mpaka jikoni kwa wapishi. Alhamisi ya tatu alikuja na katogo ndani ya majani ya mgomba, ndizi na utumbo vilivyopikwa pamoja, akatugawia wote, akangoja mpaka midomo imejaa. Kisha akauweka mguu wa plastiki juu ya meza ya Fundi Bahati, akasema maneno niliyoyaandika kama alivyoyatamka, kwa kuwa tulifundishwa pia kutonyoosha maneno ya watu.

"Hii mguu inajua kutembea, lakini haijui heshima. Mimi bwana yangu alikufa, lakini mama yake iko. Nikienda kumwona nasimama tu kama nguzo ya stima, nampa mkono kutoka juu. Bambi, maskini, yule mzee alilia. Alisema nimekuwa na kiburi tangu nipate mguu ya serikali. Na chooni je? Nani alitengeneza hii mguu, yeye haendi chooni? Bora magongo yangu. Na magongo naweza kupiga goti moja."

Chumba kizima kiliangua kicheko, halafu ndimi zikafunguka. Yule askari mstaafu, Mwislamu kama mimi, alisema hawezi kukaa tahiyatu, anasali kwenye kiti kama mtu anayengoja kinyozi. Mwalimu wa Kyambogo alisema anaupenda, yeye hukaa darasani na kwake kuna choo cha kukalia, na nikayaandika hayo pia. Mkulima mmoja alisema tope linaingia kwenye chuma cha goti na hakitoki. Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi. Fundi Bahati alikuwa ameacha patasi. Alipowafunga kamba ya vipimo tena, mmoja mmoja, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mi natengeneza miguu tangu Bukavu. Hakuna mutu alishaniuliza siku moja mwenye kuvaa anasikia namna gani. Na mimi pia sikuuliza." Jioni ile alianza kuchora goti jingine, la mvule na ngozi, lenye mpira wa tairi la baiskeli kwa nyuma, ambalo lingeweza kukunjwa mpaka mwisho. Wa kwanza kupimwa alikuwa Nalongo. Niliandika kibandiko chenye jina lake, nikakifunga kwa uzi kwenye kipande cha mti ambacho kilikuwa bado hakina umbo.

Nadhani wiki zile zilikuwa nzuri kuliko zote katika ujana wangu. Nje, watu walikuwa wakipotea. Asubuhi ungesikia jikoni wapishi wakitajana majina kwa kunong'ona, fulani wa maabara hakufika, fulani gari lake limeonekana Jinja. Ndani ya karakana kulikuwa na watu kumi na wawili wanaobishana juu ya goti kwa sauti kubwa. Nimejiuliza mara nyingi kama Daktari Kizza alijua hatari yake. Nafikiri alijua, na nafikiri ndiyo maana aliyafumba macho.

Kapteni mmoja aliyewekwa wizarani kusimamia sherehe alianza kuja. Ofisi ya daktari ilitenganishwa na meza yangu kwa ubao mwembamba, na nilisikia yote. Alitaka ripoti. Daktari akamwambia haijaisha, wagonjwa wana malalamiko. Kapteni akauliza, kwa upole wa kweli, tangu lini zawadi ina malalamiko. Daktari akamwambia ripoti ya nusu iko mezani, aisome. Nikasikia karatasi zikifunuliwa, zikafunuliwa tena, kisha zikarudishwa mezani. Ilikuwa ya Kiingereza. Mgonjwa wa nne, mgonjwa wa tisa. Kapteni alikuwa mtu wa kambi tangu utoto, na lugha yake ya kusoma ilikuwa Kiswahili.

Alirudi Jumatatu iliyofuata, daktari akiwa chumba cha upasuaji na Fundi Bahati amekwenda kutafuta gundi. Alivua kofia. Alinisalimu, akaniuliza habari za nyumbani, akaniambia amesikia mimi ni mtoto wa maalimu na kwamba yeye mwenyewe alihitimu juzuu kadhaa alipokuwa mdogo. Akaliona daftari. Akauliza, "Hii unaandika wewe? Naweza kusoma?" Ningeweza kusema halijakamilika. Ningeweza kusema amri ya daktari. Sikusema hivyo, na nisingependa mtu adhani niliogopa, kwa sababu sikuogopa. Nilifurahi. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeandika kwa uangalifu ule wote na hakuna mtu aliyekuwa amelisoma daftari langu, daktari alilipitia tu kuchota ya ripoti yake. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Alisimama akasoma kurasa nne au tano, midomo ikitembea. Akaniambia, "Binti, unaandika vizuri sana. Kila mtu na mahali pake." Nikasema ahsante. Akalitia kwapani akasema atalirudisha kesho.

Daktari aliporudi nilimweleza kwa furaha. Bado alikuwa na aproni ya damu. Aliniuliza mara mbili kama nimempa au amechukua, nami mara zote mbili nikasema nimempa. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Hakunifokea. Aliniambia nitaje majina niliyoyakumbuka, na palepale akawatuma watu wawili wa kuaminika kwenda kuwaonya waliokaa mbali. Waliokaa mjini tulipanga kuwaonya wenyewe, mimi na Fundi Bahati, siku ileile kabla ya giza. Tulianza na askari mstaafu kwa sababu alikuwa njiani. Nalongo tulimwacha wa mwisho, kwani Nakivubo ni pembeni mwa kituo cha mabasi na tungepandia hapo kurudi.

Tulipofika, meza yake ilikuwa imefunikwa majani ya mgomba. Mwanamke aliyeuza nyanya upande wa pili hakutaka kutuangalia. Fundi alinunua nyanya, akanunua tena, ndipo yule mwanamke akasema akiwa ameinama juu ya kapu lake. Gari lilikuja saa nane. Watu watatu wa miwani myeusi. "Hawakutafuta," akasema. "Walikuja moja kwa moja, wanasema kama wanasoma barua. Nalongo, mama wa Babirye na Nakato, anayeuza matooke Nakivubo nyuma ya duka la milango ya buluu, mguu wa kulia. Yeye akaitika, alidhani ni watu wa hospitali."

Nilisimama pale nimeshika mfuko wa nyanya. Ilikuwa sentensi yangu. Ilikuwa na mpangilio wangu, jina kwanza, watoto, kazi, mahali, na mguu mwishoni, kama nilivyofundishwa. Walikuwa wamemtafuta kwa sentensi yangu, nami nilikuwa nimeiandika vizuri kiasi kwamba hawakuhitaji kumuuliza mtu njia. Walimchukua na magongo yake. Mguu wa plastiki ulikuwa chini ya meza ndani ya mfuko, kwa maana hakuwahi kuuvaa kazini.

Hakurudi. Bibi wa mapacha alizunguka kambi na vituo vya polisi akipiga magoti mbele ya kila mlinzi, mpaka mlinzi mmoja akamwonea huruma akamwambia aache kuja. Askari mstaafu alihamia kwa ndugu zake mpakani. Alhamisi iliyofuata walikuja sita, wakaketi kwenye benchi wakitazama miguu yao. Kapteni aliketi nao. Daftari alikuwa amelirudisha kama alivyoahidi, likiwa safi, halina hata ukurasa uliokunjwa. Daktari aliuliza swali lake la kila wiki, na wa kwanza akasema mguu ni mzuri. Wa pili akasema ni mzuri. Mkulima wa tope akasema ni mzuri sana. Niliandika ni mzuri, ni mzuri, wiki baada ya wiki, bila majina sasa, mpaka daftari likaisha. Sherehe ilifanyika, sikwenda. Miguu ya plastiki iligawiwa nchi nzima, na miaka mingi baadaye, kila nilipoingia nyumba ya mtu aliyekatwa mguu, niliuona chini ya kitanda, umejaa vumbi, na mwenyewe anatembea kwa magongo.

Mwisho wa mwaka Daktari Kizza aliniaga akisema anakwenda harusini Busia, mpakani. Alikuwa amevaa mashati yake mawili, moja juu ya jingine. Alifia ughaibuni, nimesikia. Siku ile mlangoni aliniambia kosa ni lake, angeshikilia zile namba. Nililichukua neno hilo nikajifariji nalo muda mrefu, mpaka likachakaa. Fundi Bahati hakunifariji kwa lolote. Aliendelea kuchonga mguu wa Nalongo. Nilimuuliza anamchongea nani. Akajibu, "Akirudi, iko." Akaumaliza, akaupaka mafuta, akautundika ukutani pamoja na kibandiko changu. Kutokana na goti lile alitengeneza magoti mengine mengi kwa siri, kisha waziwazi askari walipoondoka, na watu waliojaa uani kwake siku ya maziko wengi walikuwa wamelivaa. Ule wa kwanza haukupewa mtu.

Na mimi? Mara moja nilipata kilo ya sukari, nikaipeleka kwa bibi wa mapacha, nikaiacha mlangoni nikakimbia. Huo ndio ujasiri wangu wote. Binti aliyetuuliza mwaka jana juu ya ile mashine ya kupimia damu, mwenye kompyuta ndogo mapajani, alituambia tuseme bila woga kwa sababu majina hayaandikwi. Wazee wenzangu walilalamika wakataka yao yaandikwe, watambulike. Mimi nilinyamaza, nikala sambusa, na niliporudi nyumbani sikupata usingizi.

Basi pale mkekani mtoto wa Fundi akafungua gunia. Mvule ulikuwa umekuwa mweusi kwa miaka, ngozi imekauka lakini imeshonwa imara, na kwenye kifundo kilining'inia kibandiko chenye mwandiko wa msichana. Babirye aliuchukua akaulaza juu ya magoti yake. Alikunja goti lake la mti, likaenda mpaka mwisho bila kelele. Akalikunja tena. Aliniambia kwamba hana picha ya mama yake, wala hakumbuki sauti yake, na dada yake Nakato alikufa bila kumbukumbu yoyote, je, mimi nakumbuka neno lolote alilolisema? Hata moja tu.

Nilikuwa nalo lote. Niliyoyaandika mwaka ule nimeyahifadhi kama tulivyohifadhi sura, sikuweza kuyasahau hata nilipotaka. Nikafumba macho nikamsomea. Amesema Nalongo, mama wa Babirye na Nakato, anayeuza matooke Nakivubo nyuma ya duka la milango ya buluu, mguu wa kulia, kwamba hii mguu inajua kutembea, lakini haijui heshima. Nikaendelea mpaka mwisho, na mama mkwe aliyelia, na choo, na magongo. Nilipofika kwenye choo nilisikia Babirye akicheka, kicheko kikubwa cha ghafla, na wanawake waliokuwa karibu wakageuka. Ilikuwa sauti ileile. Nilipofumbua macho alikuwa akifuta machozi kwa mshipi wa gomesi yake. Aliniomba nirudie, nikarudia. Safari hii hakucheka. Alikuwa akisikiliza mwanzo.

Akasema polepole, "Jjajja, bibi yetu, alituambia wale watu walisoma kama barua. Hiyo yote, mama wa Babirye, duka ya buluu. Hivyohivyo." Akanitazama. "Nani aliandika?"

"Mimi," nikasema.

"Na nani aliwapa?"

"Mimi. Hawakuninyang'anya. Niliwapa kwa mikono miwili."

Nilitaka kuongeza kwamba nilikuwa mdogo, kwamba nilifundishwa hivyo, kwamba nilidhani ninampa mama yake heshima. Yote ni kweli, na sikuyasema. Babirye aliweka mkono wake juu ya goti la mti. Kwaya ilikuwa imemaliza, watu wanaanza kupanga nani apande gari gani kwenda makaburini. Kisha akakirudisha kibandiko vizuri ndani ya ngozi kisipotee, akauzungushia mguu lile gunia, akainuka. Mtoto aliyelelewa na bibi wa Kiganda hamuagi mkubwa akiwa amesimama. Alipokuja alinipigia magoti yote mawili mbele ya watu. Sasa alisimama wima juu yangu, mguu wa mama yake kwapani, akaniambia kwaheri kwa Kiganda, "weeraba, nnyabo," kama unavyomuaga mtu uliyempita njiani, akaondoka. Nilimtazama mpaka alipofika getini, kisha nikaomba mtu anisaidie kuinuka.